Kuzamia Mbudya kwa mtungi: angalia mwezi kabla ya kulipia boti

Kuzamia kwa mtungi wa hewa kwenye miamba ya kisiwa cha Mbudya ni huduma nzuri kwa mkazi wa Dar es Salaam na tunaipendekeza, kwa sharti moja: siku ichaguliwe kwa mwezi. Boti ni ileile, mwalimu yuleyule, bei haibadiliki, lakini asubuhi moja unaona mteremko wote wa mwamba kuanzia juu hadi mchangani, na wiki inayofuata, saa ileile, unaona mapezi ya mwenzako na ukungu wa kijani. Wateja wengi hudhani wamepata bahati mbaya. Kumbe ni kalenda tu, na watoa huduma wanaostahili pesa yako ni wale wanaokueleza hivyo kabla hujalipa.

Kwanza mahali penyewe. Mbudya iko mbele ya Kunduchi, mwendo mfupi wa boti. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ilitangazwa eneo tengefu mwaka 1975, na uvuvi hauruhusiwi. Upande wa mashariki unatazama bahari kuu. Mawimbi hupiga jabali moja kwa moja na si mahali pa kumshusha mgeni. Upande wa magharibi ndio wenye ufukwe na maji yaliyotulia, na hapo ndipo huduma hii hufanyika. Mwamba huanza mita 2 au 3 chini ya maji, ukateremka taratibu hadi mchanga ulioko mita 8 hadi 10, kutegemea maji yamejaa kiasi gani. Bongoyo, kwa boti za kutoka Msasani, ina nyasi nyingi zaidi za bahari na maji yake huchafuka haraka zaidi kwa kuwa iko karibu na mji. Pangavini ni kijisiwa kidogo cha majabali kisicho na ufukwe wa maana. Fungu Yasini ni fungu la mchanga mtupu. Kwa anayeanza, Mbudya inazishinda zote tatu.

Utakachoona ni pono wakitafuna mwamba (sauti ya meno yao husikika wazi ukitulia), makundi ya kangaja na tasi, mkunga aliyetoa kichwa kwenye tundu, taa wadogo waliojifukia mchangani, na pweza kwa mwenye jicho. Chewa wakubwa ni nadra. Matumbawe yapo hai kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna vifusi. Sehemu ya vifusi hivyo ni kazi ya mabomu ya kuvulia yaliyosumbua pwani hii kwa miaka mingi, na sehemu ni ya joto la mwaka 1998 lililogeuza matumbawe kuwa meupe kote katika Bahari ya Hindi magharibi. Vifusi haviponi upesi kwa sababu vipande vilivyolegea husukumwa na wimbi kila siku, na tumbawe changa haliwezi kuota juu ya kitu kinachobingirika. Anayetaka bustani isiyo na doa aende Mafia. Anayetaka kujifunza kuelea vizuri, kutazama samaki kwa karibu na kurudi mjini kabla ya alasiri, Mbudya inamtosha.

Sasa turudi kwenye maji, maana hapo ndipo pesa hupotea au hupatikana. Wavuvi wa Kunduchi wanaijua hesabu hii bila karatasi. Hapa kwetu mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena karibu saa kumi alasiri, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi. Hilo ni bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo ikifika siku ya 8 hadi ya 10 ya mwezi wa kuandama, na tena siku ya 22 hadi ya 24, maji hujaa kati ya saa tatu na nusu na saa tano na nusu asubuhi. Hayo ndiyo maji mafu: tofauti ni ndogo, na mkondo ni dhaifu.

Boti nyingi huondoka asubuhi, kwenye saa tatu hivi. Ukienda siku ya bamvua unashuka majini wakati maji yametoka. Mwamba uliotakiwa kuwa na mita 6 juu yake umebaki na 3. Kila wimbi dogo linakusukuma mbele na kukurudisha nyuma, na maji yanayokuzunguka ni yale yaliyokuwa yakitoka kwenye mikoko ya Kunduchi na kwenye mito ya mjini tangu alfajiri, yakiwa yamebeba tope. Hata mwalimu hodari hawezi kukufanyia lolote. Ukienda siku ya maji mafu, saa unayoshuka ndiyo saa maji ya bahari kuu yanapofika kisiwani, mkondo haukuchoshi, na upepo wa mchana bado haujaanza. Mambo matatu mazuri yanakutana saa moja. Mtu anaweza kusema basi tuzamie bamvua jioni, maji yakijaa saa kumi. Kina kitakuwepo, lakini upepo utakuwa umeshachachamaa, jua limeshuka na mwanga hauingii vizuri, na nahodha atakuwa na haraka ya kurudi kabla ya giza.

Kwa hiyo ukipiga simu kuulizia, swali la kwanza lisiwe bei. Sema, “Kaka, siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?” Anayejua atakujibu papo hapo, na aliye bora atakwambia, “Subiri Jumamosi ijayo, Jumamosi hii ni bamvua.” Akikujibu kwamba maji yapo wakati wote, shukuru, kata simu. Jedwali la maji la Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari lipo kwa anayetaka dakika kamili. Panga kushuka dakika 45 hivi kabla ya kilele cha kujaa, ili mzamo wote uangukie kwenye maji yaliyosimama.

Msimu nao una neno lake. Matlai, kwenye Oktoba na Novemba kabla ya kaskazi kukolea, ndio wakati tunaoupenda: bahari imelala na maji yameanza kupata joto. Kaskazi ya Desemba hadi Machi bado ni nzuri asubuhi. Wakati wa masika, mvua kubwa ikinyesha, acha siku tatu au nne zipite kabla ya kwenda, hasa kwa Bongoyo. Kusi ya Juni hadi Septemba huleta maji ya baridi kidogo, kama nyuzi 25, na hapo suti nyembamba ya kuzamia, ya milimita 3, inahitajika hata kwa mtu asiyehisi baridi. Dakika 40 ndani ya maji hula joto la mwili kuliko unavyofikiri.

Kwenye vifaa, usione haya kukagua mbele yao. Mtungi unaotumika zaidi ni wa alumini wa lita 11 hivi, unaojazwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo la hewa). Begani pamegongwa mwezi na mwaka wa kipimo cha mwisho cha shinikizo. Ikiwa imepita miaka 5, ukatae. Fungua valvu kidogo, nusa hewa. Harufu ya mafuta au moshi maana yake kompresa imevuta hewa karibu na injini au jenereta, na pamoja na moshi huja gesi ya kaboni monoksaidi ambayo yenyewe haina harufu. Mtungi wa namna hiyo haujadiliwi, hurudishwa. Ukishafunga regulata, kile kifaa cha kupumulia, sikiliza shingoni: mlio mwembamba wa “sss” kwa kawaida ni oringi (kipete cha mpira cha kuzuia hewa isivuje) iliyokauka au kukatika, inayobadilishwa kwa dakika moja kama wanayo ya akiba botini. Boti isiyo na oringi za akiba inakuonyesha jinsi wanavyofikiri kuhusu mengine. Kisha pumua mara nne kwa kinywa huku unatazama geji ya shinikizo. Sindano ikitulia, sawa. Ikishuka kila unapovuta na kupanda ukiacha, valvu haijafunguliwa vya kutosha, na ukifika chini hewa itakuwa nzito kuvuta.

Jaketi, lile linalojazwa hewa ili uelee, ndilo huharibika zaidi hapa kwetu, kwa sababu ya chumvi. Kitufe cha kujaza hewa kisiposuuzwa ndani kwa maji yasiyo na chumvi hushika, na kikishika kikiwa kimebonyea kitajaza jaketi mfululizo na kukurusha juu. Kibonyeze na kukiachia mara tatu haraka. Kirudi chenyewe kila mara, bila kusita. Jaza jaketi hadi lisimame, subiri dakika mbili, likilegea, linavuja. Miwani ijaribiwe bila mkanda: ibane usoni, vuta pumzi kwa pua, ikae. Ndevu na nywele zikipita chini ya mpira wake, maji yataingia tu.

Tunakaa zaidi kwenye risasi, yaani vyuma vizito vya mkandani vya kukuzamisha, kwa kuwa ndizo huharibu mizamo mingi ya maji mafupi. Ni mazoea ya boti nyingi kumfunga mgeni kilo 8 au 10 ili azame haraka, kazi iishe. Hesabu inawakataa. Hewa iliyomo kwenye mtungi huu ina uzito wa karibu kilo 2.7, na ukirudi na bar 50 umeshaipumua kilo 2 hivi. Mtungi wa alumini ulioanza ukizama unamaliza ukielea. Mtu anatakiwa awe na risasi za kumtosha mwisho wa mzamo, zisizidi hapo. Kipimo ni hiki: ukiwa majini na vifaa vyote, toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida, ishike kidogo bila kupiga mapezi. Maji yafike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Ikiwa mtungi umejaa, ongeza kilo 2 juu ya hapo. Mtu mzima wa kilo 70 mwenye suti ya milimita 3 kwa kawaida hutua kati ya kilo 4 na 6.

Risasi zikizidi, inabidi uweke hewa nyingi kwenye jaketi ili usikwaruze mwamba, na hewa hiyo haikai kimya. Lita 5 zilizomo kwenye jaketi ukiwa mita 8 huwa karibu lita 7 ukifika mita 3, na ongezeko hilo hukuinua kwa nguvu ya karibu kilo 2. Ndiyo maana mgeni wa Mbudya huonekana akipanda na kushuka kama ndoo kisimani: anajaza, anapaa, anatoa, anaanguka juu ya matumbawe. Kina kirefu kinasamehe zaidi. Kutoka mita 30 hadi 20 hewa hutanuka kwa theluthi moja tu. Kutoka mita 10 hadi juu, hutanuka mara mbili. Hili lina upande wa hatari pia. Kifua nacho ni mfuko wa hewa, na mtu anayeshika pumzi akipanda hata mita moja na nusu anaweza kupasua mapafu. Mwalimu atakayekueleza “usishike pumzi, kamwe” bila kukueleza sababu hii amefanya nusu ya kazi.

Masikio yanataka subira hapohapo juu. Mita za kwanza ndizo zenye badiliko kubwa la mgandamizo, kwa hiyo bana pua na puliza taratibu kabla maumivu hayajaanza, kisha rudia kila mita moja. Sikio likikataa, panda nusu mita, jaribu tena. Mwenye mafua asiende, hata kama amemeza dawa ya kufungua pua. Dawa ikiisha nguvu chini ya maji, hewa iliyoko sikioni inanasa wakati wa kupanda, na maumivu yake ni makali.

Muda wa mzamo hapa huamuliwa na hewa. Kwenye mita 8 mtu aliyetulia anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu, atatumia 36, na kwa mtungi wa bar 200 akibakiza 50 atapata dakika 45 hivi. Mgeni mwenye hofu hutumia mara moja na nusu ya hiyo, akatoka baada ya nusu saa. Kwa hiyo kundi lenye watu sita na mwongozaji mmoja humalizika kwa hewa ya mwenye hofu, na wengine wamelipia dakika ambazo hawakuzipata. Kwa mzamo wa kuonja, wa mtu asiye na cheti, utaratibu wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia, unaweka kikomo cha mita 12 na wateja wanne kwa mwalimu mmoja baharini. Kwa maji ya hapa, yanayoweza kufifia ghafla, sisi tunataka wawili. Lipa zaidi kwa hilo kama itabidi.

Kuna jambo tungependa kila mtoa huduma alichukulie kwa uzito zaidi: boti za wapita njia. Jumamosi na Jumapili, na sikukuu zaidi, upande wa ufukwe wa Mbudya unajaa boti zinazopeleka watu kuogelea na kula samaki. Nahodha wa boti hizo hatarajii kichwa cha mtu kuibuka mita 100 kutoka ufukweni, na kwenye maji mafupi mzamiaji yuko karibu na pangaboi wakati wote. Mwongozaji avute boya la rangi kali kwa kamba tangu mwanzo hadi mwisho, na boti yenu ibaki na mtu macho, injini tayari. Asiye na boya, usishuke naye wikiendi. Wakati wa kupanda, sikiliza kwanza, nyoosha mkono juu, panda polepole, si zaidi ya mita 9 kwa dakika.

Botini kuwe na oksijeni, siki, na chupa ya chai ya maji moto. Siki ni ya yavuyavu. Maji moto ni ya miiba: ukikanyaga samaki-jiwe au wale wanyama wa miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mashimo ya mwamba, mguu uingizwe kwenye maji ya nyuzi 45 hivi, ya moto unaovumilika, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, halafu hospitali. Usisimame juu ya mwamba, hata ukiwa umechoka. Simama mchangani, na uangalie kabla ya kusimama.

Bei nzuri ni ile iliyotajwa yote kwa pamoja: boti, mtungi, vifaa, mwalimu, ada ya hifadhi. Ada ya raia ni tofauti na ya mgeni, kwa hiyo nenda na kitambulisho cha taifa, na udai risiti ya serikali yenye jina la hifadhi. Hela isiyo na risiti haifiki kwenye doria inayolinda mwamba. Samaki wa kuchoma na chipsi vya kisiwani viagizwe kabla ya kushuka, viliwe baada.

Anayesafiri siku hiyohiyo asizamie. Baada ya mzamo mmoja subiri muda wa saa 12 kabla ya kupanda ndege. Baada ya miwili au zaidi, saa 18. Na kwa kuwa wengi hapa husafiri kwa basi, hesabu hiyohiyo iwekwe kwa Iringa, Mbeya na Lushoto, maana zote ziko juu vya kutosha kuhesabiwa kama ndege. Basi la usiku la Mbeya baada ya mizamo miwili ya asubuhi ni tiketi ya kubadilisha tarehe.